RX 580 ao GTX 1060: ni karte gani inafaa feza yako pale umeme unahesabiwa?

Karte mbili za okazyo, umri karibu sawa, kasi karibu sawa. Moja ina memori kubwa zaidi, ingine inakula umeme kidogo. Mahali ambapo umeme haukatiki, kuchagua kati ya hizo mbili ni jambo la dakika tano. Kwetu mashariki mwa Kongo, ambako umeme unatoka mara kwa SNEL, mara kwa kampuni ya kibinafsi, mara kwenye jenereta ao batri ya jua, hesabu inabadilika. Karte yenye bei ya chini dukani inaweza kukula feza nyingi zaidi kabla ya mwaka kuisha.

Karte grafiki ni kile kipande ndani ya ordinatere kinachochora picha unazoziona kwenye ekrani. Bila karte nzuri, mchezo wa mpira unakwama kila mara mshambuliaji anapokaribia goli, hata kama ordinatere yenyewe ni nzuri. Na kwa kuwa vifaa vingi vya ordinatere vinavyouzishwa katika miji yetu ni vya okazyo, mtu anayetafuta karte ya bei nafuu hukutana mara nyingi na majina haya mawili: GeForce GTX 1060 ya kampuni NVIDIA na Radeon RX 580 ya kampuni AMD, zote mbili za Marekani.

Tumezilinganisha kwa mambo matatu: kasi katika michezo, umeme zinaokula, na hatari ya kununua kitu kibovu.

Zilivyotengenezwa

GTX 1060 yenye giga 6 za memori ilitoka mwezi wa 7 mwaka 2016, bei yake ya kuanzia ikiwa dola 249. RX 580 ilifuata mwezi wa 4 mwaka 2017, ile ya giga 8 kwa dola 229 na ile ya giga 4 kwa dola 199. Bei hizo ni za wakati huo, kwa karte mpya. Ukiambiwa leo bei inayokaribia hizo kwa karte iliyotumika, muuzishaji anakubebesha mzigo usio wako.

Kwenye karatasi RX 580 inaonekana kuwa na nguvu zaidi. Ina giga 8 za memori, na memori hiyo inasafirisha giga 256 za data kwa sekunde moja. GTX 1060 ina giga 6, na inasafirisha giga 192 kwa sekunde. Lakini angalia upande wa umeme: ikifanya kazi kwa nguvu zote, GTX 1060 imepangiwa wati 120, RX 580 wati 185. Tofauti ni wati 65, na ndiyo inayobadilisha hesabu kwetu.

Kasi katika michezo

Kwenye ekrani ya kawaida ya Full HD, yaani nukta 1920 kwa 1080, karte hizi mbili zinafuatana kwa karibu sana. Katika michezo iliyoandikwa kwa DirectX 11, teknolojia ya zamani kidogo, kuna ambayo GTX 1060 inatangulia. Katika ile ya DirectX 12 na Vulkan, RX 580 mara nyingi ndiyo inatangulia. Ukijumlisha michezo mingi, RX 580 inashinda kwa asilimia chache. Mchezaji aliyekaa mbele ya ekrani, bila kipimo mkononi, hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho.

Watengenezaji wa michezo nao huziweka kwenye mstari mmoja. Kwa Cyberpunk 2077, mahitaji ya chini yaliyotangazwa mwaka 2023 yanataja GTX 1060 ya giga 6 na RX 580 ya giga 8 bega kwa bega. Kwa EA Sports FC 24, mchezo wa mpira uliochukua nafasi ya FIFA, mahitaji ya chini ni GTX 1050 Ti ao RX 570, zote mbili dhaifu kuliko karte zetu. Maana yake, mpira utachezeka vizuri kwenye yoyote kati ya hizi mbili. GTA V, iliyofika kwenye ordinatere mwaka 2015, haizisumbui kamwe.

Memori ndiyo inayoleta tofauti ya kweli. Michezo mipya inajaza memori ya karte kwa picha za kuta, nguo, majani na nyuso. Memori ikijaa, karte inaanza kukopa nafasi kwenye memori ya ordinatere, ambayo iko mbali na ni ya polepole, na mchezo unaanza kuruka-ruka. Giga 8 za RX 580 zinaruhusu kuweka picha safi zaidi kabla ya kufika hapo. Kwenye GTX 1060 utalazimika kushusha ubora wa picha mapema kidogo.

Kuna mlango ambao umefungwa kwa zote mbili. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 zinadai karte yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, na hizi hazina uwezo huo. Anayetamani michezo ya aina hiyo asinunue hata moja. Aendelee kuweka akiba.

Jambo moja la faraja: mbinu ya AMD inayoitwa FSR, iliyotoka mwaka 2021, inatumika kwenye karte zote mbili, hata kwenye ile ya NVIDIA. Mchezo unachorwa kwa ukubwa mdogo, kisha picha inakuzwa, na kasi inapanda bila kulipa kitu. Mbinu ya NVIDIA yenyewe, DLSS, inadai karte za RTX, kwa hiyo GTX 1060 haiipati. Kila mara ukiona neno FSR kwenye mipangilio ya mchezo, ijaribu kabla ya kufikiri kununua karte ingine.

Hesabu ya umeme

Wati 65 zinaonekana kuwa kidogo, sawa na balbu moja ya zamani. Kila kitu kinategemea saa ngapi karte inatumika, na umeme unatoka wapi.

Tuchukue kijana anayecheza nyumbani saa mbili kila jioni. Kwa mwezi, RX 580 itamkulia karibu kilowati-saa 4 zaidi ya GTX 1060. Kama kilowati-saa moja ingekuwa senti 25 za dola, hiyo ni dola 1 kwa mwezi, ao dola 12 kwa mwaka. Si kitu cha kumnyima mtu usingizi.

Sasa tuchukue mwenye nyumba ya michezo ya video, mwenye ordinatere sita zinazowaka saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tofauti inakuwa kilowati-saa 81 kila mwezi. Kwa bei ileile ya mfano, ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, karibu dola 240 kwa mwaka, kwa kazi ileile na wateja walewale. Kila ordinatere moja inabeba karibu dola 40 za mwaka huo. Kwa hiyo kama RX 580 ni nafuu kwa dola 20 dukani, mwenye nyumba ya michezo anazirudisha zote ndani ya miezi sita, na kuanzia hapo analipa hasara.

Ukiwa kwenye jenereta, badilisha dola kwa lita. Kama jenereta yako inatoa kilowati-saa 2 kwa lita moja ya petroli, ordinatere moja yenye RX 580 katika nyumba hiyo ya michezo itakunywa lita 81 zaidi kwa mwaka. Kila mtu anajua bei ya lita katika mji wake, na anajua inavyopanda barabara ikifungwa.

Kwenye batri ya jua, kinachopotea ni muda wa kucheza. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Kama ni ya asidi, si vizuri kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 600 za kutumia. Tuseme sehemu zingine za ordinatere pamoja na ekrani zinakula wati 80. Ukiwa na GTX 1060, jumla ni wati 200: unacheza saa tatu. Ukiwa na RX 580, jumla ni wati 265: unacheza saa mbili na robo. Hapo hatujahesabu kinachopotea wakati umeme wa batri unageuzwa.

Hesabu hizi zote ni za karte inayofanya kazi kwa nguvu zote, na kuna njia ya kuipunguzia. Ekrani nyingi zinaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kuchora picha 110 kwa ekrani ya namna hiyo ni kumwaga umeme chini. Weka kikomo cha picha 60 ndani ya mchezo, na karte yoyote itapumua. Kwa RX 580, programu ya AMD inaruhusu pia kushusha volti za karte kidogo kidogo, huku unajaribu kila hatua. Mara nyingi inaokoa makumi ya wati bila kasi kupungua sana.

Alimantasyo inayosahaulika

Wengi hununua karte na kufika nyumbani kabla ya kujua kama ordinatere yao inaweza kuilisha. Ordinatere nyingi za okazyo zilikuwa za maofisi, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Zina nguvu ya kutosha kwa kazi, lakini nyingi zina alimantasyo ya wati 240 hadi 300, na mara nyingi bila waya ya nyongeza ambayo karte hizi zinadai. GTX 1060 ya kawaida inahitaji waya ya pini 6, na NVIDIA inapendekeza alimantasyo ya wati 400. RX 580 inahitaji waya ya pini 8, na AMD inapendekeza wati 500.

Kwa hiyo bei ya karte si bei ya mwisho. Ongeza bei ya alimantasyo, kisha linganisha. Na alimantasyo isiwe ile ya bei ya kutupwa, iliyoandikwa wati 500 kwenye karatasi ya nje huku ndani ni nyepesi kama kopo tupu. Umeme wetu unapanda na kushuka, delestaji inakuja bila kubisha hodi, na umeme ukirudi kwa nguvu, alimantasyo mbaya inaondoka pamoja na karte. Stabilizateri mbele ya ordinatere ni feza iliyotumika vizuri.

Kama sanduku la ordinatere yako ni dogo na huwezi kubadilisha alimantasyo, ziache zote mbili. Tafuta GTX 1650 ao GTX 1050 Ti ya umbo fupi, isiyo na waya ya nyongeza. Karte hizo zinakula wati 75 tu, moja kwa moja kutoka ubao mkuu. Kasi yao iko chini, lakini zitawaka.

Angalia na ekrani yako pia. GTX 1060 na RX 580 hazitoi tena ishara ya VGA, ile waya ya buluu ya zamani. Mwenye ekrani ya VGA peke yake atahitaji kigeuzi, na hicho nacho kina bei.

Majina yanayodanganya

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza feza. GTX 1060 ziko za aina mbalimbali chini ya jina moja. Ile ya giga 3 haikupungukiwa memori tu. Hata viini vyake vya kuchora ni 1152 badala ya 1280. Kwa michezo ya leo, giga 3 hazitoshi. Tofauti ya kasi kati ya giga 3 na giga 6 ni kubwa kuliko tofauti kati ya GTX 1060 na RX 580.

Upande wa AMD kuna mtego wake. RX 580 kamili ina viini 2304. Lakini kuna ingine iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, inaitwa RX 580 2048SP, yenye viini 2048, sawa na RX 570. Nje zinafanana. Ile ya giga 4 nayo inauzishwa kwa jina lilelile la RX 580. Na pia kuna karte za uongo kabisa: karte za zamani sana zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili ordinatere isome jina la GTX 1060.

Kisha kuna historia ya karte. Kwa miaka mingi karte hizi, hasa RX 580 ya giga 8, zilitumika kuchimba feza ya kidijitali ya Ethereum, zikiwaka usiku na mchana bila kupumzika. Tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka 2022 Ethereum ilibadilisha utaratibu wake, uchimbaji kwa karte grafiki ukakoma, na karte nyingi zikamwagwa kwenye soko la okazyo la dunia nzima. Karte iliyochimba si lazima iwe mbovu. Lakini ventilateri zake zinaweza kuwa zimechoka, pate ya kupoza imekauka, na wachimbaji wengine walibadilisha programu yake ya ndani. Dalili moja ya hilo la mwisho ni programu za AMD kukataa kuiendesha karte baada ya kuziweka.

Pima kabla ya kulipa

Usinunue karte iliyolala kwenye meza ya duka. Omba iwekwe ndani ya ordinatere mbele yako. Kama muuzishaji anakataa, jibu umekwisha kulipata. Kisha fuata hatua hizi:

1. Itazame na uinuse. Harufu ya kuungua, alama nyeusi ao kutu ni sababu ya kuiacha. Zungusha ventilateri kwa kidole: zisikwaruze wala kutikisika.

2. Fungua programu ya bure GPU-Z, uliyokuja nayo kwenye kifunguo chako cha USB. Kwa GTX 1060 tafuta viini 1280, memori MB 6144 na njia ya biti 192. Kwa RX 580 tafuta viini 2304, memori MB 8192 na njia ya biti 256. Karte nyingi za uongo za NVIDIA, programu hiyo inaziandikia neno FAKE mbele ya jina.

3. Endesha FurMark kwa dakika 15, huku ukitazama joto. Likipita digrii 85, karte inahitaji kusafishwa na kuwekewa pate mpya, na bei lazima ishuke. Ukiona nukta za rangi, mistari ao ekrani kuzimika, toka dukani.

4. Cheza mchezo wa kweli kwa dakika chache, na usikilize. Ventilateri inayolia leo itakufa kesho.

Miaka iliyobaki

Karte zote mbili ni za kizazi kinachoaga. NVIDIA ilitangaza kwamba programu kamili za michezo kwa kizazi cha GTX 1060 zinaishia mwezi wa 10 mwaka 2025, na kwamba marekebisho ya usalama yataendelea hadi mwezi wa 10 mwaka 2028. AMD nayo, tangu mwisho wa mwaka 2023, iliiweka familia ya RX 580 kando, ikiipa marekebisho ya muhimu tu. Karte hazitazimika kwa sababu hiyo, na michezo unayocheza leo itaendelea kuchezeka. Lakini mchezo mpya ukija na kasoro, hakuna wa kukimbilia.

Ndiyo maana bei lazima ibaki chini. Kama unachoombwa kinakaribia bei ya RX 6600 ya okazyo, karte ya mwaka 2021, ongeza kidogo na uchukue hiyo. Ina giga 8, imepangiwa wati 132, karibu sawa na GTX 1060, na inazishinda zote mbili kwa mbali.

Basi, ichukuliwe ipi?

Unacheza nyumbani saa chache, umeme wako ni wa waya, na una alimantasyo nzuri ya wati 500? Bei zikiwa sawa, chukua RX 580 ya giga 8 yenye viini 2304. Memori yake itakusaidia zaidi ya dola moja ya mwezi unayoipoteza kwenye umeme.

Una nyumba ya michezo, jenereta ao batri ya jua? Chukua GTX 1060 ya giga 6, hata ikiwa bei yake iko juu kidogo. Kila saa inayowaka inakurudishia sehemu ya tofauti hiyo.

Alimantasyo yako iko karibu na wati 400 na huna feza ya ingine? GTX 1060 pia, mradi waya ya pini 6 iko.

Umepewa GTX 1060 ya giga 3, ao RX 580 ambayo muuzishaji hataki ipimwe? Rudi nyumbani na feza yako. Karte hizi zilitengenezwa kwa wingi sana, na wiki ijayo ingine itakuwa sokoni.